Aoko na Chumba cha Nyuma

Wachuuzi wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, walikuwa wakimwona Aoko anakuja, wanaanza kuguna kabla hajafika. Wenzake walinunua dagaa kwa kutazama mdomo wa gunia. Yeye alikunja mkono wa blauzi mpaka begani, akauzamisha mkono mzima guniani mpaka chini kabisa, akatoa konzi ya dagaa wa huko chini, akawanusa, akawavunja katikati, akawatazama ndani. Yote hayo bila haraka hata chembe, huku nyuma yake akina mama wenzake wakisonya.

"Mama Yakobo, unanunua dagaa au unawapima homa?" walimuuliza.

Alicheka nao, kisha akaurudisha mkono guniani. Kusemwa hakukumpunguzia kitu mwilini. Na wateja wake pale sokoni Mirongo, waliokuwa wakitoka na dagaa wasio na mchanga wala kokoto, hawakusonya hata siku moja.

Aoko alikuwa Mjaluo wa Shirati, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, mke wa Ogweno aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo. Waliishi na watoto wao kwenye kota za kiwanda, Igoma, vyumba viwili na bomba la kuchangia. Miaka ilivyokwenda Aoko alizipandia kota zile maua, akazipaka chokaa kila Krismasi, akazipenda kama zake. Hapo tu ndipo alipojidanganya, maana hazikuwa zake.

Mwaka wa tisini na saba kiwanda kikauzwa. Neno ubinafsishaji watu walikuwa wamelisikia redioni mpaka likawachosha. Siku lilipobisha hodi Igoma ndipo walipolielewa. Ogweno alipunguzwa kazini pamoja na wenzake, akapewa kiinua mgongo chake, akaambiwa kwamba wenye kiwanda wapya watazihitaji kota ifikapo mwisho wa mwaka. Akarudi nyumbani ameishika kofia yake ya kazi mkononi, akaitundika msumarini, akakaa.

Pesa ya namna ile humjia mtu mara moja tu maishani. Palepale kotani Aoko alishaona inavyoweza kuyeyuka. Kuna jirani aliyenunua pikapu iliyokufa njiani Magu kabla hata haijabeba mzigo wa pili. Kuna mwingine aliyeinywa yote, akawanywesha na marafiki, na sasa marafiki walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara. Aoko alimwambia mumewe neno moja tu: "Nyumba." Ogweno akakubali. Wakipata nyumba ya kwao, watoto wana pa kulala na dagaa wanaweza kuwalisha. Wakikosea, hakuna pesa nyingine inayokuja, na mwisho wa mwaka ungewakuta barabarani na vitanda vyao.

Ndipo alipotokea Okomo.

Okomo alikuwa mdogo wake Ogweno, muuza mitumba mjini, mtu mwenye moyo mzuri na maneno mengi. Angeweza kukuuzia koti la baridi saa sita mchana mwezi wa Septemba, ukaondoka umelivaa. Alifika Igoma jioni moja anang'aa uso mzima. Mama mkwe wake, Mama Ajwang, aliyemzaa mkewe Odeta, alikuwa anauza nyumba yake ya Pasiansi. Mumewe alishafariki, watoto wametawanyika, na sasa alitaka kurudi Rorya kwenye boma la marehemu.

"Kaka, ni nyumba!" alisema Okomo. "Matofali ya kuchoma, bati zima, sebule unaweza kufanyia harusi. Ukikaa mlangoni unaliona ziwa lote mbele yako. Tena nyumba ya ndugu. Hakuna dalali, hakuna tapeli. Nimekwenda mwenyewe, nimeiona kwa macho yangu."

Ogweno alimtazama mdogo wake kwa macho yaliyolowa. Ilikuwa mara ya kwanza Aoko kumwona mumewe anatabasamu tangu siku ile ya kofia.

"Vyumba vya kulala vikoje?" Aoko aliuliza.

"Vipo, shemeji."

"Najua vipo. Vikoje?"

"Chumba kikoje tena? Ni chumba." Okomo alianza kuangalia dari.

"Na choo?"

"Kipo."

"Ulikiona?"

Okomo akakohoa. Aoko akaelewa.

Asiyewajua Wajaluo aelezwe. Mwanamume akienda kwa mama mkwe wake haendi kama mtu wa kawaida. Anakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, anatazama magoti yake, anakula kuku aliyepikiwa, anashukuru, anaondoka kabla haja haijambana, maana choo cha ukweni si cha kuingia. Kuzungukazunguka nyuma ya nyumba ni utovu wa adabu. Na chumba anacholala mama mkwe, kitanda chake, hicho mkwe hatakiwi hata kukiwazia. Kwa hiyo Okomo alipokuwa Pasiansi aliiona sebule, akaiona kalenda ukutani, akaviona viatu vyake mwenyewe. Nyumba yote iliyobaki aliisifu kwa imani.

Hakuwa mwongo, maskini. Mama Ajwang alimwambia, "Nyumba ndiyo hii, mwanangu, itazame." Naye, akiwa ameyakazia macho magoti yake, akajibu, "Nimeiona mama, ni nzuri." Angejibu nini kingine?

Okomo alipoondoka, Ogweno alisema, "Jumapili tukamlipe."

"Mimi nataka kwenda kuiona kwanza," alisema Aoko.

Ogweno aliuweka chini ugali aliokuwa ameukata. "Mama Yakobo. Mkwe amekwisha kwenda, amesema ni nzuri. Wewe ukienda kukagua, unamwambia yule mama kwamba mkwe wake ni mwongo, na yeye mwenyewe anatuuzia kitu kibovu. Aibu hiyo ataibeba nani? Odeta. Utamvunjia mdogo wangu ndoa kwa sababu ya nyumba."

Mambo hayo hayakuwa ya mzaha, na Aoko hakuyacheka. Yeye mwenyewe alilelewa humo, na aliyaheshimu. Alimaliza kula, akaosha vyombo, akavianika, akarudi.

"Basi sitakwenda kukagua," alisema. "Nitakwenda kumsalimia. Mama yake Odeta ni mama yangu. Tangu lini mtu akakatazwa kumsalimia mama?"

Ogweno akatikisa kichwa, akaenda kulala.

Alhamisi asubuhi Aoko alijifunga kitenge kizuri, akachukua sukari, dagaa na sato wawili wakubwa aliowachagua mwenyewe, akaenda Pasiansi. Alishuka barabarani, akapanda kwa miguu katikati ya mawe makubwa ambayo Mwanza imejaa mpaka watu wake wamezoea kujenga juu yake, pembeni yake na wengine chini yake. Alipoinua macho akaiona nyumba. Ilikaa juu ya jiwe pana, mbele ina kibaraza cha saruji kilichofagiliwa vizuri, na kutoka hapo ziwa lilionekana mpaka visiwani. Mpera ulisimama uwanjani. Aoko aliipenda nyumba ile kabla hajafika mlangoni, na kule kuipenda kulimtia hofu. Mtu anayependa huona anachotaka kuona.

"Hodi!"

"Karibu." Mama Ajwang alitoka, kibibi kidogo kilichonyooka, na kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama Yakobo! Leo umenikumbuka? Ingia, ingia ukae."

Aoko aliingia sebuleni, akakaa muda wa kusalimiana tu. Waliulizana habari za watoto, za Rorya, za Ogweno na kazi iliyoisha. Neno nyumba halikutajwa na yeyote. Kisha Aoko akasimama.

"Mama, mimi si mgeni wa kukalishwa. Nipe kisu na karai nikuparie samaki."

Na hapo, bila kumvunjia mtu heshima, milango yote ikafunguka. Mkwe wa kiume anakalishwa kwenye kiti, basi. Lakini mwanamke aliyekuja kupika, nani atamzuia? Alihitaji maji, akachukua ndoo, akajua kwamba bomba hutoa asubuhi tu na kwamba kisima cha jirani hakikauki. Alihitaji kuni, akazunguka uwanja. Alihitaji choo, akaingia, akakuta shimo limechimbwa kwa shida lakini limechimbwa vizuri. Jiko lilikuwa kibanda pembeni, halina tatizo. Majirani walimsalimia, naye akawasalimia, akapima sauti zao. Kila kitu kilikuwa sawa. Moyo wake ukaanza kupamba vyumba kwa mapazia.

Upande mmoja tu wa nyumba hakuweza kuuona, ule wa nyuma, pale jiwe lilipoishia na ardhi ikateremka ghafla kuelekea korongoni. Maboga yalikuwa yamepandwa huko, yakatambaa ukutani mpaka karibu na bati, ukuta wote ukawa majani.

Wakati wa kuosha samaki, karai la maji likammwagikia Aoko, akalowa kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Wengine husema lilimponyoka. Anayemjua Aoko anajua halikumponyoka.

"Uwi! Umelowa mwanangu!" alisema Mama Ajwang.

"Niazime kanga, mama. Na mahali pa kubadilishia."

Mama Ajwang alisita. Alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga. Mwisho akasema, "Ingia chumbani kwangu. Kanga ziko juu ya kitanda."

Chumba kilikuwa safi, kina harufu ya sabuni ya mche. Kitanda kilisukumwa mpaka ukuta wa nyuma, na juu yake ukutani ilitundikwa kanga kubwa, imepigiliwa misumari pembe zote. Aoko alianza kujifunga kanga aliyopewa, macho yake yakiwa juu ya ile ya ukutani, maana ilikuwa inapumua. Ilijaa kidogo, ikanywea, ikajaa tena, na dirisha lilikuwa limefungwa. Kisha akaona kitu kijani pembeni mwa mto wa kulalia. Lilikuwa jani la boga. Mmea ulikuwa umeingia chumbani kupitia ukutani, ukajikunja kwenye mbao za kitanda.

Aoko alipanda juu ya kitanda, akainyanyua kanga pembeni.

Ufa ulianzia chini ya kitanda na kupanda mpaka kwenye bati. Mkono wake uliingia wote, kama unavyoingia guniani, na upande wa pili ukagusa jua. Ukuta ule haukuwa umepasuka tu, ulikuwa umejitenga na nyumba na kuinamia nje, umebaki kushikwa na boriti moja iliyoanza kuchomoka. Nyumba yote ilikuwa imesimama juu ya jiwe, isipokuwa chumba hiki. Chumba hiki kilikuwa kimejengwa juu ya kifusi.

Aoko alisikia miguu mlangoni, akageuka. Mama Ajwang alikuwa amesimama, mikono ameikunja tumboni.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, mama."

"Lakini mlikuwa mnajua. Si Okomo aliwaambia?"

"Okomo hakuona, mama. Hakuvuka sebule."

Mama Ajwang alikaa taratibu pembeni mwa kitanda. Ilimchukua muda kulielewa jambo lile, na lilipomwingia, akashika mashavu kwa mikono yote miwili. "Lakini alisema ameiona! Nilimwambia itazame, akasema ameiona. Nikadhani amepita nje, ameona ukuta, ameficha macho kwa heshima. Mimi ningemwambiaje mkwe habari za chumba ninacholala? Ningeanzia wapi? Yaye! Kumbe yeye aliona aibu kutazama, na mimi nikaona aibu kusema."

Wakatazamana. Kicheko kikamtoka Aoko kabla hajakizuia, na Mama Ajwang naye akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha machozi yakaendelea na kicheko kikakoma.

"Nilikuwa namshukuru Mungu kila siku," alisema. "Nasema, watu gani hawa, wanainunua nyumba yangu ilivyo, hawasemi neno. Nikasema wamenionea huruma mjane. Kumbe ningewaua watoto wenu."

Aoko alikaa karibu naye, akamshika mkono. Hasira aliyokuja nayo, kama alikuwa nayo, haikupata wa kumwangukia. Aliutazama mto wa kulalia, akautazama ukuta.

"Na wewe bado unalala hapa?"

"Nilale wapi? Kiangazi haina neno. Mvua ikinyesha nakaa kwenye kiti."

"Leo hulali hapa. Shika huku, tuhamishe kitanda."

"Kwenda wapi?"

"Sebuleni."

Mama Ajwang alisimama kama aliyechomwa na mwiba. "Sebuleni! Kitanda changu! Na Okomo akija?"

"Okomo atakaa nje."

"Mkwe wangu akae nje kama mtu anayedai?"

"Akae nje, mama. Aone aibu, na wewe uwe hai. Aibu ya Okomo tutaitibu, ukuta ukikuangukia tutatibu nini?"

Walibishana tangu sato wabandikwe motoni hadi wakataka kuungua. Aoko alikuwa na sauti ya chini lakini haikuwa ya kurudi nyuma, na alisema wazi kwamba hatoki Pasiansi mpaka kitanda kitoke chumbani. Mwisho wakakibeba wawili, wakakata ule mmea wa boga kwa kisu cha samaki, wakakiweka kitanda sebuleni chini ya kalenda, wakatundika pazia mbele yake. Kisha wakala. Aoko aliondoka bila kusema kama watanunua au hawatanunua, maana hakujua.

Huko Igoma kulikuwa moto. Ogweno alipoambiwa, aliuliza mara mbili kuhusu upana wa ufa, akatoka nje kusimama. Alikuwa fundi, na mtu wa mitambo anajua kitu kilichojitenga hakirudi. Lakini Okomo alikasirika mpaka akasahau maneno yake mengi.

"Shemeji! Umeingia chumbani kwa mama mkwe wangu?"

"Mkwe ni wewe, si mimi."

"Na umeleta kitanda sebuleni! Nitaingiaje tena nyumba ile? Odeta amelia tangu jana. Anasema mmemdhalilisha mama yake."

"Mama yake ndiye aliyeshika upande wa miguu."

Okomo aliondoka bila kuaga. Kwa majuma kadhaa hakukanyaga Igoma. Alipolazimika kwenda Pasiansi kumpelekea mama mkwe wake unga, alisimama chini ya mpera na kusalimia kwa sauti, kama mtu anayeongea na meli, na Mama Ajwang akamjibu kutoka ndani. Ukoo ukasema. Wapo waliosema Aoko ana dharau. Wapo waliosema pesa ya kiinua mgongo imempanda kichwani. Aoko aliumia, na asidanganye mtu kwamba hakuumia. Nyumba ilikuwa imewaponyoka, mwisho wa mwaka unakaribia, shemeji hamsemeshi, na mumewe jioni anachora mistari mchangani kwa kijiti bila kusema anachochora. Alienda mwaloni, akazamisha mkono guniani, akauza dagaa wake, akarudi. Kila Alhamisi alipitia Pasiansi kuhakikisha kitanda hakijarudi.

Kisha zikaja mvua, zile ambazo redio ilizipa jina la El Niño. Hazikunyesha, zilimwagwa. Mto Mirongo ulipanda mpaka ukaingia majumbani, barabara zikakatika, mawe yaliyokaa milimani tangu dunia kuumbwa yakaanza kusogea. Alasiri moja, Mama Ajwang akiwa amekaa kitandani sebuleni anamenya karanga, alisikia kitu kama mtu anavuta pumzi ndefu, kisha kishindo. Mlango wa chumbani ukafunguka wenyewe, ukaingiza upepo na mvua. Kule nyuma hapakuwa na chumba tena.

Asubuhi iliyofuata mvua ilipotulia, Aoko na Ogweno walifika wamejaa tope mpaka magotini. Okomo alikuwa ametangulia. Alisimama chini ya mpera, amelowa chapachapa, ameigeuzia nyumba mgongo, kwa sababu chumba cha mama mkwe wake sasa kilikuwa wazi kwa kila apitaye na yeye hakutaka kuwa mmoja wao. Alikuwa ameisikia sauti ya mama, akajua yuko hai, ikamtosha.

Mama Ajwang alitoka peku. Hakulia. Alimshika Aoko mkono kwa nguvu.

"Njoo," alisema. "Sasa nikuuzie nyumba."

Akamzungusha. Alimwonyesha mahali marehemu mumewe alipomwaga kifusi kwa mikono yake, akikataa kushauriwa na mafundi, kwa sababu alitaka chumba kimoja zaidi kwa ajili ya watoto. Alimwonyesha bati linalovuja juu ya jiko, ambalo Aoko hakuliona siku ile kwa kuwa hapakuwa na mvua. Alimwonyesha jiwe la mpaka, akamtajia jirani anayependa kulisahau. Alimwonyesha mlango unaokwama, na mahali siafu hupita kila masika. Hakuruka kitu. Aoko alimfuata kila alipokwenda. Hakuna mtu aliyewahi kumwamini kiasi kile.

Waliporudi mbele, Mama Ajwang aliuliza, "Bado unaitaka?"

Aoko alimtazama mumewe. Ogweno alikuwa amechuchumaa kwenye ukingo wa jiwe, pale nyumba ilipokatikia, anapapasa kuta zilizobaki. Hazikuwa na hata mstari.

"Iliyo juu ya jiwe ni nzima," alisema Ogweno. "Nilikuwa naichora kila siku. Chumba hiki tunakiacha, ukuta mpya tunauinua hapa jiwe linapoishia. Kabla ya Krismasi tutakuwa tumefunga."

"Tunaitaka, mama," alisema Aoko. "Iliyo juu ya jiwe. Na wewe utakaa nasi mpaka barabara ya Rorya ipitike."

Mama Ajwang aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akaugeukia mpera.

"Okomo!"

"Naam, mama."

"Njoo hapa, mwanangu."

Okomo alikuja akitazama miguu yake, akasimama mbali kidogo, kichwa chini.

"Inua uso," alisema mama mkwe wake. "Mimi ndiye ninayekuruhusu. Tazama chumba changu."

Ilimchukua muda. Alipoinua uso aliona kifusi chekundu kimemwagika mpaka korongoni, ukuta mzima wa matofali umelala kifudifudi, majani ya maboga yakichungulia chini yake.

"Mama," aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, "kitanda kilikuwa upande gani?"

Mama Ajwang akanyoosha mkono kwenye rundo, pale matofali yalipolundikana zaidi. Okomo alitazama mahali pale mpaka macho yakamjaa. Kisha akamwendea shemeji yake aliyekuwa amesimama kibarazani, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.